Raba ifuate rimu: shajara ya breki za uani kwetu Kisauni

Jumamosi, kabla mvua haijakaza

Nshachoka na swali moja. Kila anayepita hapa uani na baiskeli isiyoshika breki huuliza "raba gani kali?", nami namrudishia, kali kwa rimu gani? Hapo ananitolea macho tu. Manake mtindo wa huku ni kung'oa raba ya breki iliyoisha, unaitia mfukoni unaenda nayo dukani, muuzaji anapima urefu na msumari wake, ikilingana anakufungia kwa gazeti, kwisha. Rimu, ile duara ya gurudumu inayobanwa na raba, imebaki nyumbani na hakuna aliyeuliza ni ya nini. Alafu masika ikianza kupiga ndo utaona watu wanasimamisha baiskeli kwa ndara.

Basi nimeamua kazi hii niifanye kwa mpango na niandike kila hatua, mwenye kutaka afuate. Ziko baiskeli nne, zote za watu wa karibu so hakuna wa kunilipa wala wa kunishtaki. Ya kwanza ni ya Ami, ile black mamba yenyewe, nzito, breki za vyuma, anabeba mahamri na mikate alfajiri kuvuka Nyali Bridge mpaka sokoni Marikiti. Ya pili ya shemeji, mountain bike ya mtumba yenye V-brake, zile breki za mikono miwili mirefu inayobana rimu ubavuni, kazi yake iko Likoni kwahivo kila siku anateremka ile ramp ya feri katikati ya umati wa watu. Ya tatu ya mama jirani, hizi za Japan zenye kikapu mbele. Ya nne ya kijana wa mtaa, racer ya rimu za kaboni alizonunua kwa mtu, asubuhi za Jumapili utamkuta barabara ya Mtwapa ameinama kama anatafuta shilingi iliyoanguka.

Lengo langu ni moja, Mei ikifika zote ziwe zinasimama kwenye maji. Mei ndo mwezi wa mvua nyingi hapa Mombasa, na breki ya baiskeli ikiwa kavu hata raba mbovu itakudanganya kwamba ni nzima.

Jumapili, sumaku na kitambaa cheupe

Kabla sijanunua hata raba moja nimekaa na rimu tu. Nimetoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa nikapita nayo gurudumu kwa gurudumu.

Ya Ami, tap, imenata mbele na nyuma. Chuma kilichopigwa kromu, sikutarajia kingine.

Ya shemeji haikunata. Hiyo ni aluminiamu, na ushahidi wa pili ni kitambaa, chukua kitambaa cheupe kilichoroa kidogo usugue pale raba inaposhika, kikitoka na weusi wa kijivujivu ule unaong'ang'ania vidole hadi uoshe kwa sabuni basi ni aluminiamu, ni vumbi la rimu yenyewe limeliwa na raba.

Ya mama jirani ndo imenichekesha, sumaku inanata kidogo halafu inateleza, ukiiachia inaanguka. Mtu mwingine angesema aluminiamu na kuendelea na maisha yake. Lakini angalia kwa karibu, inang'aa kioo mpaka pale breki inapopita, kitambaa kinatoka karibu safi, na ukiinua gurudumu ni zito. Hiyo ni stenlesi. Stenlesi ziko za aina nyingi, nyingine sumaku inazishika vizuri na nyingine hazishikwi kabisa, ndo maana sumaku peke yake haitoshi, lazima kitambaa kiwepo na jicho liwepo.

Racer ya kijana, sumaku hakuna, ukigonga kwa ukucha sauti inatoka butu, kavu, haiimbi vile aluminiamu inavyoimba. Nikaangalia pale breki inaposhika nikaona nyuzi za kaboni zimesukana. Hapa muwe makini, kuna rimu ambazo kaboni ni ya ubavuni tu, pale raba inapogusa kuna mkanda wa aluminiamu, na hizo zinataka raba za rimu ya aluminiamu kama kawaida. Usisome maandishi yaliyobandikwa, soma pale raba inapogusa.

Ziko pia rimu zilizopakwa seramiki, kampuni ya Mavic walizitoa sana miaka ya 90, hizo zinataka raba ngumu za kwake, kampuni ya raba ya Kool-Stop walitoa ya kijani kwa kazi hiyo, raba ya kawaida inaliwa upesi sana. Hapa uani sina hata moja, naziruka.

Jumanne usiku, black mamba

Hii ndo kazi iliyonikalisha zaidi kwahivo nitaieleza kwa urefu.

Black mamba haishiki rimu ubavuni. Rimu yake wanaiita Westwood, tairi ni 28 x 1½, na kwa vipimo vya kimataifa ni 635, yaani milimita za kipenyo pale tairi inapokaa. Ina mabega mawili ya mviringo upande wa ndani, ule unaoangalia habu, kitovu cha gurudumu, na mstari wa spoki unapita katikati. Ukivuta mkono wa breki ule mfululizo wa vyuma unavuta uma wa breki kuja juu, na raba mbili zinabana yale mabega kutokea ndani. Uzuri wake ni kwamba gurudumu likiyumba kushoto kulia kidogo breki haijali sana. Ubaya ni kwamba rimu ikiwa si duara, imebonyea kwa mashimo, utasikia breki inashika inaachia inashika inaachia kila mzunguko. Ya Ami imebonyea sehemu moja nyuma, nimekaza spoki nikaipunguza, haijaisha.

Sasa kromu. Kromu ni nyororo mno, inang'aa, na utelezi wake ukikutana na maji yanakaa utando mwembamba kati ya raba na chuma, raba inaelea juu yake. Kavu inashika vizuri tu, ukiilowesha ni habari nyingine kabisa, unavuta mkono wa breki mpaka unagusa usukani na baiskeli inaenda zake. Hilo si kosa la fundi wala si kosa la Ami, ndo tabia ya chuma chenyewe, inajulikana dunia nzima, na ni moja ya sababu baiskeli za kisasa zikahamia aluminiamu. Kwa aluminiamu uso una vikwaruzo vidogo vidogo, maji yanafutika haraka na raba inapata pa kushika.

Kwa baiskeli nyingine ya rimu za kromu ushauri wangu ungekuwa wa sentensi moja, badilisha gurudumu uweke la aluminiamu, hakuna raba itakayokupa faida kubwa kushinda hiyo. Lakini black mamba inataka rimu yenye mabega kwa ndani, rimu za kawaida za aluminiamu zimetengenezwa zishikwe ubavuni. Ningebadilisha rimu ingebidi nibadilishe mfumo mzima wa breki na Ami hataki kusikia hiyo habari. "Hii baiskeli imelea watoto," amenambia, "wewe itie raba tu."

Haya, raba. Kwanza kutu. Hewa yetu ya chumvi imetoboa kromu vidoti vidoti, na pale palipotoboka kutu inafanya kazi ya msasa, inakula raba na kuacha unga wa kahawia. Nilichotumia ni ile karatasi ya fedha, foili, iliyokuja na biriani, naikunja, naitia maji, nasugua mabega ya rimu polepole. Ni laini kuliko kromu kwahivo haiikwaruzi lakini kutu inatoka, unaona maji yamekuwa uji mweusi. Kisha sabuni ya vyombo, maji safi, kitambaa kikavu. Usiniambie habari za mafuta ya taa. Najua mafundi wengi wanaosha rimu kwa mafuta ya taa au dizeli na inatoka inang'aa mashallah, lakini inaacha utando wa mafuta na hapo ushaharibu rimu na raba pamoja.

Raba zilizokuwemo nikazibonyeza kwa ukucha, ukucha haukuacha alama. Jua na joto la miaka limezikausha zimekuwa plastiki. Raba nzuri ukiibonyeza ukucha unazama kidogo unaacha kijimstari.

Alhamisi, kwa fundi wa makubadhi

Zamani Waingereza walikuwa na dawa yao ya rimu za kromu kwenye mvua, raba yenye ngozi usoni. Kampuni ya Fibrax ya huko Wales ilikuwa inazitengeneza. Ngozi ikilowa inafyonza ule utando wa maji na inashika kromu ambapo raba tupu inateleza. Hapa kwetu madukani sijaziona, lakini ngozi si jambo la kukosa Mombasa, tuna mafundi wa makubadhi wanaokaa na ngozi kutwa nzima. Nikaenda Mji wa Kale na raba mbili mpya mfukoni.

Mzee nimemkuta anashona kanda. Nikamwamkua, "Shikamoo mzee," akaitikia bila kuinua macho. Nikamweleza nataka vipande vyembamba vya ngozi ya ng'ombe, si ya mbuzi manake ya mbuzi ni laini sana, na isiwe imepakwa rangi wala mafuta.

"Ya kuvaa nani?"

"Ya breki ya baiskeli, mzee."

Hapo akainua macho. "Baiskeli nayo yataka makubadhi siku hizi?" Akacheka mpaka jirani yake wa duka akaja kusikiliza. Lakini kazi akaifanya, tena kwa umakini kuliko mimi, alichukua kipande cha soli akakipinda masikioni kusikiliza kikilia, akakitupa, akachukua kingine, akasema hiki kimekaa, hakikimbii. Akakata vipande vya unene wa kama milimita 4 na kisu kile kifupi bila rula wala kalamu na vyote vikatoka sawa.

Nyumbani nimechanja mfereji katikati ya kila raba kwa msumeno wa chuma, urefu wote, nikasindilia kipande cha ngozi kwa nguvu na gundi ya soli, kimejitokeza juu ya raba kama milimita 1 tu. Nimebana kwenye jiliwa usiku mzima. Kinachokishikilia hasa ni ule mbano wa mfereji na kile kibati cha chuma kinachozunguka raba, gundi ni msaidizi. Mtu asibandike ngozi juu ya raba kwa gundi pekee akaenda barabarani, itabanduka siku ya mvua, tena siku ya haja.

Kuna jambo la kibati ambalo naliona linakosewa sana. Kibati kina upande mmoja umefungwa na mwingine uko wazi ili raba iteleze kuingia. Ule uliofungwa lazima uelekee kule rimu inakokimbilia. Zungusha gurudumu kwa mkono kama baiskeli inaenda mbele, uangalie pale kwenye raba rimu inaelekea wapi, upande uliofungwa uwe huko. Ukigeuza, siku utakayovuta breki kwa nguvu raba inachomoka inaruka na wewe unabaki na chuma juu ya chuma. Sheria hiyo hiyo ni ya V-brake na racer zenye raba za kuchomeka.

Ijumaa jioni, ya shemeji

Aluminiamu ni rahisi kuelewana nayo ila ina kero yake. Chembe za rimu zinakatika zinajichimbia ndani ya raba, na hizo chembe zikikaa humo zinaanza kula rimu, inatoa chembe zaidi, na mzunguko unaendelea hadi ubavu wa rimu unakuwa na mifereji. Kwa huku ongeza mchanga, shemeji akitoka kazini anapitia ufuoni Shelly Beach na baiskeli yake, raba zinarudi na mchanga umejaa.

Nimezifungua nikakaa nazo juani. Ukiigeuza raba kwenye mwanga chembe zinametameta, nyingine ndogo kama punje ya chumvi, moja ilikuwa ndefu kama ncha ya kucha. Nimezichokoa moja moja kwa pini, kisha nikapitisha uso wa raba kwenye msasa uliolazwa sakafuni mpaka ule mng'aro ukaondoka. Sikuzirudisha mbele, nimeziweka akiba. Za mbele nimetia mpya.

Kuhusu mpya, kwa rimu za aluminiamu hapa mvua inaponyesha ningependa zile za Kool-Stop rangi ya samoni, zinasifiwa sana kwenye maji na hazichimbwi na chembe upesi, na zinafaa hata chuma. Nyeusi ya kawaida iko sawa kwa kavu. Ziko na zile zilizochanganya rangi mbili kwenye raba moja. Madukani kwetu nyingi hazina jina kwahivo naenda kwa ukucha, naenda kwa harufu na macho pia, raba ya plastiki inang'aa na imekauka, naiacha hata kama ni bei ya kutupa. Nilichopata ni laini ya kutosha, tena ni ile ya kibati na kipande cha kuchomoa, ikiisha unabadilisha raba tu kibati kinabaki.

Sasa rimu yenyewe. Ya mbele nzima. Ya nyuma nikalaza rula ya chuma ubavuni ikionekana mwanga katikati, yaani ubavu umebonyea ndani, umeliwa. Rimu nyingi huja na alama, kijimfereji chembamba kuzunguka ubavu au vidoti, ukiona vimefutika rimu imekwisha. Hii ilikuwa na mfereji, sai unaugusa kwa kucha huusikii. Tairi ikiwa imejaa upepo inasukuma ubavu kuelekea nje, na ubavu ukibaki chini ya milimita 1 siku moja unapasuka, mara nyingi ni kwenye breki ama baada ya kujaza pampu. Nimemwambia shemeji asiteremke nayo ramp ya Likoni hata mara moja. Akanambia, "Shemeji, nitakwenda mguu mpaka lini?" Nikamwambia mpaka gurudumu lipatikane, na nimeitoa upepo kabisa manake namjua.

Jumamosi, ya mama jirani, haraka

Nyuma breki iko ndani ya habu, hakuna raba ya rimu, hiyo siigusi. Mbele ni kaliper ya kawaida, breki ya koleo inayobana rimu kutokea juu, kwenye rimu ya stenlesi. Japan raba huuzwa zimeandikwa kama ni za rimu ya stenlesi au ya aluminiamu, hii ilikuja na za kwake lakini zimeisha na mtu akaweka za aluminiamu, ndo maana mvua ya juzi mama akaingia kwenye kibanda cha viazi karai. Nimemtilia laini zinazofaa chuma. Mama anaenda polepole, mwendo wa sokoni Kongowea na kurudi, inamtosha.

Kwa kaliper angalia kila mara raba isikae juu sana ikaanza kusugua tairi, tairi inakatika ubavuni. V-brake mikono yake imeshikwa kwa chini kwahivo raba ikiisha inashuka, inataka kuzama chini ya rimu kwenye spoki. Moja inakukatia tairi, nyingine inakuingilia kwenye spoki, chagua ugonjwa wako.

Jumatatu, mjadala wa kaboni

Kijana kaja na racer yake na swali lake tayari, "Kaka, hizi raba si nikitoa kwa magurudumu yangu ya zamani naweka hapa?" Magurudumu ya zamani ni aluminiamu. Nikachukua raba nikamwonyesha chembe, zipo nne tano zinametameta. Hizo ukizipeleka kwenye kaboni zinachora rimu ya pesa nyingi kama mtoto aliyepewa msumari. Raba iliyowahi kugusa aluminiamu isiguse kaboni tena, hata ukiichokoa na pini, huwezi kuwa na hakika zimetoka zote.

Jambo la pili ni joto. Kaboni haitawanyi joto vile aluminiamu inavyotawanya, na zile nyuzi zimeshikwa na gundi ngumu ambayo joto likizidi inalainika. Raba ya aluminiamu kwenye kaboni inachemsha uso, inayeyuka inaacha madoa, inashika kwa mikupuo. Kwahivo kaboni ina raba zake, watengenezaji kama Zipp na ENVE wanakwambia kabisa utumie zipi, na SwissStop wana Black Prince kwa ajili ya kaboni. Ziko hata za koki, lile gamba la vizibo vya chupa. Kwenye maji nazo zinachelewa kushika, hilo alijue.

Maoni yangu nimempa bure. Kwa Mombasa miteremko yetu mikubwa ni kama ile ya kutoka Changamwe kuja Kibarani, hapo hujachemsha kaboni, joto si hoja sana. Hoja ni mchanga na maji machafu ya barabarani vinavyosaga rimu usiyoweza kuipata tena kwa bei hiyo. Kaboni iwe ya Jumapili ya kiangazi, aluminiamu iwe ya siku nyingine. Hakubali. Haya, tumekubaliana nusu, atakuwa na seti mbili za raba, kila gurudumu na raba zake, za kaboni nimezipiga alama ya rangi nyeupe mgongoni na zinakaa kwenye kopo lake. Za kaboni zenyewe hazijafika, anayezileta yuko njiani kutoka Nairobi.

Jumatano, kufunga

Kufunga nimefanya zote jioni moja. Alenki, ule ufunguo wa pembe sita, nambari 5, na kadi ya simu ya kukwangua, naikunja nailaza kwenye ncha ya nyuma ya raba kati ya raba na rimu, navuta breki, nakaza nati, natoa kadi. Hivo mbele ya raba inagusa kwanza kabla ya nyuma, kama nusu milimita au milimita 1 tofauti, na ndo inanyamazisha zile kelele za breki zinazolia mtaa mzima ujue unafika. Ukizidisha inashika kwa ncha tu na raba inaisha upande mmoja.

Raba isiguse tairi, isining'inie chini ya ubavu, na waya ukishakazwa vuta mkono wa breki kwa nguvu mara kadhaa upate kunyooka kisha ukaze tena. Rimu zote zimefutwa kwa spiriti. Alafu kuzizoeza, unaenda mwendo wa wastani unashika breki mpaka ukaribie kusimama bila kufunga gurudumu, unaachia, unarudia, uso wa raba na rimu vizoeane. Raba mpya kabisa haishiki vile itakavyoshika baada ya hapo.

Ijumaa, mvua imekuja yenyewe

Nilikuwa nimepanga kumwaga maji kwa kopo lakini mvua imeshuka asubuhi nzima so nimetumia hiyo. Kichochoro chetu kina mteremko mdogo, naachia baiskeli kutoka mlango wa msikiti bila kukanyaga pedeli, nikifika kwenye mlingoti wa stima nashika breki, naweka jiwe niliposimama. Si maabara lakini zote zimepita njia moja na mwili mmoja, wangu.

Ya shemeji, ya mbele tu manake nyuma nimeazima gurudumu, inasita kidogo nusu mzunguko wa gurudumu inafuta maji, kisha inashika inauma kweli. Jiwe la karibu kuliko yote.

Ya mama jirani ya kati na kati, lakini inatabirika, hilo ndo nalitaka kwa mama mwenye kikapu cha samaki.

Ya Ami, kwanza nyuma na raba tupu mpya nipate kulinganisha, imepita mlingoti, imepita jiwe la shemeji, nimesimama karibu na duka. Kisha za ngozi. Tofauti unaisikia mkononi kabla ya kuiona chini, raba tupu unavuta na hakuna kitu, ngozi inaanza kukwaruza mapema, inalia grrr ya chini, na inasimama mbali kabla ya kufika dukani. Bado haifikii ya shemeji hata kidogo. Kavu sioni tofauti kubwa kati ya ngozi na raba. Ngozi italiwa upesi zaidi, nimeshaona uso wake umelainika kidogo, kwahivo Ami atakuwa anakagua kila Ijumaa kabla ya swala na nimemuachia raba za akiba kwenye mfuko wa keriya.

Na nimemwambia kitu cha kufanya kisicho cha fundi, mvua ikinyesha aanze kugusa breki kidogo kabla hajafika mteremko, pale juu ya Nyali Bridge aiguse iguse taratibu rimu ifutike, si angoje mpaka matatu imesimama mbele yake. Amesema alikuwa akifanya hivo tangu kabla sijazaliwa. Sawa ami.

Jumamosi, ilipofikia

Ya Ami iko barabarani. Ya mama jirani iko barabarani. Fundi wa makubadhi ameniambia nipitie tena, amekata vipande vingine vya akiba bila kuulizwa na ameongeza unene kidogo, ati vile vya kwanza viliona haya.

Ya kijana inangoja raba za kaboni, kwa sasa anaendesha aluminiamu na ananuna.

Ya shemeji, gurudumu la nyuma nimelipata kwenye mitumba, 26 ya kawaida ile ya 559, rula imelala sawa ubavuni na mfereji wa alama bado unaingia kucha. Limenyooka vizuri ila spoki mbili zimelegea. Meno ya mnyororo ya hili gurudumu ni ya kukaza kwa uzi na lake la zamani ni ya kuchomeka kwenye habu, hayahamishiki, so natafuta seti ya gia saba ya kukaza kabla sijalifunga, na zile raba za akiba nilizochokoa zitakwenda huko nyuma.